Imetoka Wapi, Imesema Nini? Kuchagua na Kuandaa Kadi ya Sauti kwa Visikizi vya Michezo

Utangulizi

Katika ngano moja iliyorekodiwa pwani, jini anakubali kumvusha msichana bahari kwa sharti moja. Anamwambia, "Usifumbue mpaka nikwambie." Mwandishi wa makala haya, alipokuwa akiinukuu ngano hiyo kutoka katika rekodi aliyoazimwa, alisikia na kuandika, "Usisumbue mpaka nikwambie." Fanani alikuwa ameyafumba macho yake mwenyewe aliposema maneno hayo, lakini ishara ya uso haiingii katika rekodi ya sauti. Hivyo basi, konsonanti moja ikabadilika na mwiko wa ngano nzima ukapotea. Msichana alipofumbua macho akatumbukia baharini, mnukuzi aliandika kurasa tatu akifafanua ukatili wa jini usiokuwa na sababu. Ni msimamizi wa tasnifu aliyeisikiliza rekodi iyo hiyo kwa visikizi vyake vya waya na kuuliza: mbona huyu mama anasema /f/ nawe umeandika /s/?

Rekodi haikuwa na kasoro. Masikio ya mnukuzi hayakuwa na kasoro. Visikizi alivyotumia vilikuwa vya michezo ya tarakilishi, tena vizuri, vya ndugu yake mdogo. Kosa lilikuwa katika namna vilivyoandaliwa.

Makala haya yanadhamiria kufafanua kadi ya sauti ni nini, jinsi ya kuichagua kwa ajili ya visikizi vya michezo, na jinsi ya kuiandaa. Neno 'visikizi' linatumika hapa kwa maana ya vifaa vya kusikilizia vinavyovaliwa kichwani, viwe na maikrofoni au la. Hoja yetu kuu ni kwamba mchezaji na mnukuzi hutumia vifaa vilevile kwa haja mbili tofauti. Mchezaji hutaka kujua sauti imetoka wapi, ilhali mnukuzi hutaka kujua sauti imesema nini. Mipangilio inayomfaa mmoja yaweza kumpotosha mwingine. Maadamu wengi wetu tumo katika makundi yote mawili, yafaa tuielewe tofauti hiyo kabla ya kutoa fedha zetu.

Kadi ya sauti ni nini?

Tarakilishi haijui sauti, inajua tarakimu. Sikio nalo halijui tarakimu. Linajua mawimbi ya hewa. Kadi ya sauti ni mkalimani baina ya hao wawili. Ina kazi tatu. Kwanza, huzigeuza tarakimu kuwa mawimbi ya umeme. Pili, huyakuza mawimbi hayo ili yawe na nguvu ya kuvisukuma visikizi. Tatu, huyageuza mawimbi yanayotoka katika maikrofoni kuwa tarakimu ili yahifadhiwe au yatumwe kwingine.

Ugeuzaji huu hufanywa kwa kuchukua sampuli, yaani kulipima wimbi mara nyingi katika kila sekunde. Sahani za muziki zilizoingia sokoni mwaka wa 1982 zilitumia sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ikiandikwa kwa biti 16. Idadi hiyo haikuchaguliwa ovyo. Kanuni ni kwamba ili kuhifadhi mtetemo wowote, yahitajika idadi ya sampuli inayozidi mara mbili ya mitetemo hiyo. Kwa kuwa sikio changa la binadamu husikia takriban kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, sampuli 44,100 zinatosha. Biti 16 nazo hutoa nafasi ya kama desibeli 96 baina ya sauti hafifu kabisa na sauti kubwa kabisa.

Historia ya kadi hii imefungamana na michezo tangu mwanzo. Tarakilishi nyingi za binafsi za miaka ya 1980 hazikuwa na lolote la kusema ila mlio mmoja wa kijipaza sauti cha ndani. Mwaka wa 1987 kampuni ya AdLib ya Kanada ilitoa kadi ya muziki, na mwaka wa 1989 Creative ya Singapore ikatoa Sound Blaster. Hii ya pili iliweza pia kutoa sauti zilizorekodiwa, ikiwemo sauti ya binadamu, na ilikuwa na tundu la kuchomekea usukani wa michezo. Baadaye, kuanzia kanuni ambazo Intel ilizitoa mwaka wa 1997, watengenezaji walianza kuiweka kazi ya kadi ya sauti katika ubao mkuu wa tarakilishi. Ndiyo maana leo karibu kila tarakilishi ina kadi ya sauti hata kama mwenyewe hajawahi kuinunua. Swali si "nina kadi au sina?" bali "je, hii niliyo nayo inanitosha?"

Kuchagua: maswali kabla ya kununua

Swali la kwanza ni hili: visikizi vyako vinaunganishwaje? Visikizi vinavyochomekwa katika tundu la USB, na vile visivyo na waya, vina kadi yake ya sauti ndani yavyo. Sauti hufika huko ikiwa bado ni tarakimu. Kwa hiyo mtu mwenye visikizi vya USB akinunua kadi nyingine na kuitia katika tarakilishi, atakuwa amenunua mkalimani wa mazungumzo ambayo hayapitii kwake. Hatasikia tofauti yoyote. Kadi ya kununuliwa huwafaa wenye visikizi vya plagi ya mviringo ya milimita 3.5, au ile kubwa ya milimita 6.35, pekee.

Swali la pili: kadi uliyo nayo ina kasoro gani? Vaa visikizi bila kucheza chochote, kisha ongeza sauti hadi mwisho. Je, unasikia mvumo au mlio unaobadilika unaposogeza kipanya? Huo ni umeme wa vijenzi vingine vya tarakilishi unaoingia katika njia ya sauti. Punguza sauti kwanza, kisha cheza rekodi ya mazungumzo. Je, sauti haitoshi hata ukiiongeza yote? Je, tundu limelegea? Kama majibu yote ni la, basi kadi uliyo nayo inatosha, na fedha zako zitafaa zaidi zikielekezwa kwa visikizi vyenyewe. Visikizi hubadilisha sauti zaidi kuliko kadi. Kabla ya kulaumu kadi ya kipakatalishi, chomoa pia waya wa kuchajia. Mvumo ukikoma, chanzo chake ni umeme wa chaja.

Swali la tatu: kadi ya ndani au ya nje? Kadi ya ndani huchomekwa katika ubao mkuu wa tarakilishi ya mezani, jirani na kadi ya michoro ambayo hutumia umeme mwingi wakati wa mchezo. Kadi nzuri za ndani hukingwa dhidi ya jirani huyo. Kadi ya nje huunganishwa kwa USB, hukaa mbali na msukosuko huo, na hubebeka kutoka tarakilishi moja hadi nyingine. Kwa mwanafunzi mwenye kipakatalishi, kadi ya nje ndiyo chaguo la pekee. Ipo hata midogo mno, inayofanana na kipande cha waya tu. Kiunganishi chembamba kiendacho katika simu isiyo na tundu la mviringo kwa kawaida kina kigeuzi na kikuza sauti ndani yake. Kinaweza kutumiwa pia katika vipakatalishi vingi vyenye tundu la aina hiyo.

Swali la nne linahusu ukinzani wa umeme wa visikizi, ambao hupimwa kwa omu. Visikizi vingi vya michezo vina ukinzani wa kama omu 32, ingawa HyperX Cloud II, mathalani, vina omu 60. Visikizi vya studio huweza kuwa na omu 250 au zaidi. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, vimeuzwa katika matoleo ya omu 32, 80 na 250. Tuchukue kadi inayotoa volti 1. Kwa visikizi vya omu 32 itatoa kama miliwati 31. Kwa visikizi vya omu 250 itatoa miliwati 4 tu. Wepesi wa kisikizi kupokea nguvu nao hutofautiana, lakini kwa jumla ukinzani ukiwa mkubwa, kikuza sauti chenye nguvu zaidi huhitajika. Ndiyo maana mtu huweza kununua visikizi ghali vya omu 250, akavichomeka katika kipakatalishi, na kulalamika kwamba vinanong'ona.

Kinyume chake pia ni kweli. Tundu la kadi lina ukinzani wake lenyewe. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba ukinzani wa kadi usizidi sehemu moja kwa nane ya ukinzani wa visikizi. Kwa visikizi vya omu 32, kadi isizidi omu 4. Ikizidi, huenda sauti nzito zikavimba na kuzifunika nyingine, na hapo hata konsonanti zitazama.

Swali la tano: je, tarakimu kubwa zilizoandikwa katika boksi zina maana? Kadi hujitangaza kwa sampuli 192,000 na biti 24 au 32. Biti 24 zina faida wakati wa kurekodi, kwa sababu humwachia mrekodi nafasi ya kutosha asiharibu sauti fanani anapopaza ghafla. Wakati wa kusikiliza, hata hivyo, sampuli 44,100 au 48,000 zinatosha. Rekodi iliyochukuliwa kwa sampuli 44,100 haiongezi chembe ya habari ikichezwa kwa 192,000. Sikio halipiti kichwa, na kadi haiipiti rekodi.

Hatimaye, mtu asisahau plagi. Visikizi vya michezo huja na plagi moja yenye migusano minne, ambayo hubeba sauti na maikrofoni pamoja, au na plagi mbili zenye migusano mitatu kila moja. Kadi nyingi za tarakilishi za mezani zina matundu mawili: la kijani kibichi ni la visikizi na la waridi ni la maikrofoni. Plagi ya migusano minne ikitiwa katika tundu la kijani, visikizi huweza kusikika lakini maikrofoni itakuwa bubu. Dawa yake ni kigawanyaji kidogo cha waya, kinachopatikana kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vya umeme kama yale ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi.

Kuandaa: mchezaji

Ili tuelewe mpangilio unaomfaa mchezaji, ni sharti tujue jinsi binadamu anavyotambua upande wa sauti. Sauti ikitoka kulia hufika sikio la kulia kabla ya la kushoto. Tofauti hiyo haizidi takriban sehemu saba za elfu kumi za sekunde, lakini ubongo huitambua. Kichwa nacho huzuia sehemu ya sauti, hasa ile nyembamba, isifike upande wa pili kwa nguvu ileile. Mikunjo ya sikio la nje nayo huipa sauti umbo tofauti inapotoka mbele, nyuma, juu au chini.

Programu za sauti ya mzingo huiga mambo haya yote. Huichukua sauti ya nyayo za adui, huichelewesha katika sikio moja, huipunguza, na kuipa umbo ambalo mikunjo ya sikio ingelitoa. Matokeo ni kwamba visikizi vyenye vipaza viwili tu humfanya mchezaji ageuke nyuma. Mchezo wa Overwatch, uliotoka mwaka wa 2016, ulikuwa na mpangilio wa Dolby Atmos wa visikizi ndani yake. Windows nayo ina Windows Sonic bila malipo ya ziada.

Kanuni moja hapa ni muhimu kuliko zote: mzingo uwashwe mahali pamoja tu. Ukiwashwa ndani ya mchezo, uzimwe katika Windows na katika programu ya kadi. Ukiwashwa katika kadi, uzimwe kwingine. Ukiwashwa mara mbili, sauti iliyokwisha kupewa umbo hupewa umbo tena; nyayo zikawa kama zatoka ndani ya pipa na upande wake usijulikane. Aidha, pale mchezo unapouliza aina ya vifaa vya kusikilizia, mchezaji asiyetumia mzingo wa kadi achague visikizi, asichague vipaza vya sebuleni.

Kuandaa: mnukuzi

Mnukuzi huanza pale ambapo mchezaji ameishia, naye hana budi kuzima karibu kila kitu. Katika Windows afungue mipangilio ya sauti, achague kifaa chake kuwa kifaa cha kawaida, kisha afuate hatua zifuatazo.

Kwanza, azime sauti ya mzingo kila mahali. Umbo ambalo mzingo huipa sauti ni mabadiliko katika sauti nyembamba, na huko ndiko konsonanti zinakoishi.

Pili, azime maboresho yote: kuongeza sauti nzito, kusawazisha ukubwa wa sauti, na kuondoa kelele. Programu ya kuondoa kelele hukisia kipi ni usemi na kipi ni uvumi. Msemaji wa Kimvita hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini, na kaa la moto na k'aa wa baharini, kwa mpumuo mfupi unaofuata konsonanti. Maandishi sanifu hayaonyeshi mpumuo huo, na programu nayo huweza kuuhesabu kuwa uvumi. Kisichoandikwa na kisichosikika kitabaki wapi?

Tatu, aweke sampuli zilingane na za rekodi, aghalabu 44,100 au 48,000.

Nne, katika sehemu ya mawasiliano ya mipangilio ya sauti, achague Windows isifanye lolote. Bila hivyo, mpangilio wa kawaida hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 kila tarakilishi inapodhani kuna simu.

Tano, na hili ndilo lililomponza mwandishi, ahakikishe kwamba maikrofoni ya visikizi visivyo na waya haijafunguliwa na programu yoyote. Teknolojia ya kawaida ya Bluetooth ina njia mbili: moja ya muziki na nyingine ya simu. Maikrofoni ikifunguliwa, visikizi huhamia njia ya simu. Sauti ya pande mbili huwa ya upande mmoja, na sampuli hushuka hadi 16,000 au hata 8,000 kwa sekunde. Kwa kanuni tuliyoitaja awali, sampuli 8,000 haziwezi kubeba mtetemo unaozidi 4,000. Nishati kubwa ya /s/ iko juu ya kiwango hicho, ilhali /f/ ni hafifu na imetapakaa. Ukikata sauti hapo, zote mbili hubaki pumzi nyembamba, nao ubongo hujichagulia. Ndugu yake mwandishi alikuwa ameiacha programu ya kuzungumza na wachezaji wenzake ikiwa wazi. Kwake yeye haikuwa na dhara. Kwa ngano iliondoa mwiko. Visikizi vya michezo vinavyotumia kipokezi chake maalumu cha USB kwa kawaida havina tatizo hili, wala vya waya. Vifaa vya mfumo mpya wa LE Audio nao huweza kuliepuka, mradi tarakilishi na visikizi vyote viwe vinaukubali.

Jaribio la jozi

Jinsi gani basi mtu atajua kwamba amefaulu? Mwanafunzi wa Kiswahili anayo ala ambayo mwuzaji hana: jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja. Arekodi orodha fupi kwa simu, bila utaratibu unaokisika: fumbua na sumbua, fuka na suka, dhana na zana, thamani na zamani. Kama kuna msemaji wa Kimvita au Kiamu karibu, aongeze paa na p'aa. Kisha mwenzake asiyeijua orodha aisikilize kupitia kadi na visikizi vinavyojaribiwa, aandike anachosikia. Panapotokea kosa, mpangilio mmoja ubadilishwe kwa wakati mmoja na jaribio lirudiwe. Rekodi hiyo hiyo yaweza kubebwa hadi dukani ili kulinganisha kadi mbili, mradi ukubwa wa sauti uwe sawa. Kwa maana sikio hudhani kwamba kinachosikika kwa nguvu zaidi ndicho bora.

Kuhusu ukubwa huo, tahadhari moja inawahusu wachezaji na wanukuzi sawia. Kiwango kilichotolewa mwaka wa 2019 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano kinamruhusu mtu mzima kusikiliza kwa desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki. Unukuzi wa saa moja ya ngano huchukua saa nyingi za kusikiliza. Mtu akiongeza mchezo wa usiku juu yake, hesabu hujaa upesi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kadi ya sauti ni mkalimani, na kwamba mkalimani huchaguliwa kulingana na wanaozungumza. Wenye visikizi vya USB hawahitaji kadi nyingine. Wenye visikizi vya omu 32 na kadi isiyo na mvumo hawahitaji kununua chochote. Wenye visikizi vya omu 250, au wenye kadi inayovuma, wana sababu ya kufungua mkoba. Kwa wote, mipangilio haina bei, nayo ndiyo iliyotenganisha /f/ na /s/ katika kisa tulichoanza nacho.

Ngano ile imenukuliwa upya. Jini amerejeshewa mwiko wake, zile kurasa tatu za ukatili usio na sababu zimefutwa, na sasa msichana anatumbukia baharini kwa kuwa alifumbua macho kabla hajaambiwa. Mafanani wanaozihifadhi ngano kama hizo ni wazee, na wengine wetu tumebakiwa na sauti zao tu. Kabla ya kuandika kwamba fanani amekosea, au kwamba ngano haina mantiki, na tuvue kwanza visikizi tuangalie vimeandaliwa vipi.